Yule Askari Aliyekuwa Akipiga Deki

Leo ujumbe ni mrefu kidogo. Kama uko kwenye matatu, zima muziki usome polepole. Kama uko kazini, uweke hadi saa ya chakula. Lakini usiupite, kwa sababu naamini kuna mtu ameandikiwa huu.

Nianze na swali jepesi. Ulipokuwa mtoto, ulichezea nini?

Wengine wenu mlitengeneza magari ya waya mkayaendesha kutoka kwenye ploti hadi dukani. Wengine mlicheza bano mpaka magoti yakageuka rangi. Dada zetu waliruka blada, wakacheza kati, wakapika ugali wa udongo kwenye vifuniko vya soda. Mpira tulijifungia wenyewe kwa makaratasi ya nailoni na kamba, na ulidunda vizuri tu.

Mimi nilikusanya askari.

Nazungumzia wale askari wadogo wa plastiki, wa kijani, urefu wa kidole, kila mmoja amesimama juu ya kisahani chake. Nilikulia Kawangware, mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Mama yangu alifanya kazi ya nyumba Lavington. Watoto wa mwajiri wake walipochoka na kitu, au kilipovunjika, mama aliambiwa akitupe au aende nacho. Yeye alienda nacho. Jioni alishuka Gitanga Road kwa miguu, mfuko mkononi, hadi Congo, akaingia mtaani kwetu. Mimi na ndugu yangu mdogo tulikuwa tunautambua mwendo wake kutoka mbali. Siku nyingine mfuko ulikuwa na mkate tu. Siku nyingine, chini ya mkate, kulikuwa na askari wawili au watatu. Mmoja hana kichwa cha bunduki, mwingine mguu umetafunwa na mbwa.

Niliwaweka kwenye mkebe wa Kimbo. Niliwahesabu kila usiku kabla ya kulala. Baadaye, nilipoenda chuo cha Biblia na kusoma kitabu cha Hesabu sura ya 1, Musa anaambiwa ahesabu wanaume wote wawezao kwenda vitani, nilitabasamu darasani. Mimi hesabu hiyo nilikuwa nimeifanya zamani. Nilipofika darasa la sita, jeshi langu lilikuwa na askari 31.

Nimekuja kujua kwamba askari hao wana historia ndefu. Wale wa plastiki walianza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1938, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakawa rahisi kiasi kwamba vilinunuliwa vifuko kwa vifuko. Mwaka wa 1964 kampuni ya Hasbro ikaleta G.I. Joe, askari mkubwa wa karibu sentimita 30, anayekunja mikono na magoti na kuvalishwa nguo. Waliogopa kwamba mvulana hatakubali kuchezea mwanasesere, basi wakakataa kabisa kumwita mwanasesere. Wakambunia jina jipya. Mwaka wa 1982 wakamrudisha akiwa mdogo, chini ya sentimita 10, na huyo ndiye aliyezunguka dunia. Leo kuna wanaume wazima, wengine wa umri wangu, wanaowatafuta kwa bei kubwa na kuwapanga kwenye rafu za kioo. Mimi siwacheki. Mtu anayetafuta kitu cha utotoni mara nyingi anamtafuta aliyempa.

Mmoja wa namna hiyo, yule mdogo wa mwaka wa 1982, aliwahi kufika kwenye mkebe wangu. Alifika akiwa vipande viwili. Kifua upande huu, miguu upande ule. Alitupwa kwa sababu hiyo. Nilipomchunguza nikaona kwamba hakuvunjika popote. Askari wale walikuwa na kipete cha mpira ndani ya tumbo, kilichoshika kiuno na miguu pamoja. Mpira ukizeeka na kukatika, mtu mzima anaachana katikati ingawa nje hana jeraha. Ndugu yangu akakata kipande chembamba cha blada, tukafunga, tukavuta, akasimama. Tangu siku hiyo alikuwa jenerali wetu.

Mpendwa, hapo kuna mahubiri ya siku nyingine. Wako watu wanaachana katikati na nje hawana hata mkwaruzo. Lakini leo nataka tumwangalie askari mwingine.

Kama uliwahi kuwa na wale wa plastiki, unajua kwamba kila mmoja ana mkao wake. Kuna anayelenga akiwa amesimama. Kuna aliyepiga goti. Kuna aliyelala kifudifudi. Kuna anayerusha guruneti, na kuna mkubwa wao mwenye darubini. Tulipogawana na watoto wa ploti, hao ndio waliogombewa.

Halafu kulikuwa na mmoja ambaye kila mtoto alimsukuma kando. Hakuwa akilenga mtu. Alikuwa ameinama kidogo, ameshika fimbo ndefu, na mwisho wa fimbo kulikuwa na kitu kama sahani, kikigusa chini. Hatukujua ni nini. Sisi tulisema huyu anapiga deki. Tukamwita Askari wa Deki. Katika vita vyetu alibaki nyuma, karibu na mkebe, alinde vitu.

Siku moja mama alikuwa akiokota vitu sakafuni akamshika. Akamwangalia, akacheka, akasema, "Huyu ni mimi. Hata yeye amepewa deki."

Miaka ilipita ndipo nikajua yule mtu alikuwa akifanya nini. Ile fimbo ni kifaa cha kutafuta mabomu yaliyozikwa ardhini. Mtu huyo hatembei nyuma ya jeshi. Anatangulia. Kabla ya wenye bunduki kupita, yeye anapita. Anainama polepole, anasikiliza, anaweka alama mahali kifo kilipofichwa, ili wengine wakanyage pengine wafike salama. Sisi tulikuwa tumemweka karibu na mkebe, na yeye ndiye alipaswa kuwa wa kwanza mlangoni.

Sasa tuache vitu vya kuchezea kwa muda, kwa sababu vita vyenyewe si mchezo. Askari wa plastiki akianguka, unamwinua. Jioni wote 31 wanarudi kwenye mkebe. Nchi yetu inajua kwamba haiendi hivyo. Tangu Oktoba 2011 wanajeshi wetu walipovuka mpaka kuingia Somalia, na hasa tangu asubuhi ile ya Januari 15, 2016 kule El Adde, ziko nyumba katika Kenya hii ambazo hesabu ya usiku haitimii tena. Kuna kitanda kina nafasi. Kama nyumba hiyo ni yako, mchungaji wako hajakusahau, na sitakuambia maneno mepesi. Nitakaa nawe tu. Bwana awe karibu nawe, kama alivyoahidi kuwa karibu na waliovunjika moyo.

Wale mnaofanya kazi katikati ya jiji, mnapita Kenyatta Avenue kila siku. Ninawaomba wiki hii mkifika kwenye ile sanamu ya Askari msimame dakika moja. Tumeizoea mpaka hatuioni. Tunaitumia kuelekezana tu: tukutane pale kwa Askari. Ni sanamu za shaba zilizowekwa miaka ya 1920 kukumbuka Waafrika wa sehemu zetu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Ukiyasoma utaona kwamba hayawataji wenye bunduki peke yao. Yanawataja pia wabeba mizigo, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi.

Miguu na mikono. Jeshi gani linatembea bila hivyo?

Katika vita vile magari yalikuwa machache, barabara hakuna, na ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Basi chakula, risasi, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilienda juu ya vichwa vya watu. Walichukuliwa kutoka vijijini, wengi kwa nguvu, kwa maelfu na maelfu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na vinywa vya watu wetu vikakigeuza jina. Ukienda Kariokor kununua kiondo au kula nyama choma, unalitamka jina lao. Ukivuka mpaka ukafika Kariakoo ya Dar es Salaam, unalitamka tena. Walibeba vita nzima kichwani, na kilichobaki kwetu ni jina la soko.

Ukipita Luthuli au Tom Mboya Street leo, utamwona mchuuzi ameweka chini askari wa betri, anatambaa, anasimama, anapiga bunduki yenye taa nyekundu, kisha anatambaa tena. Watoto wanavuta mikono ya mama zao wasimame. Katika miaka yote niliyopita hapo sijaona askari wa betri aliyebeba gunia la mchele. Hakuna anayemtengeneza. Hauziki.

Na hapa ndipo ninapotaka kukuambia kwa nini nimeandika haya.

Mama yangu bado yuko. Umri umekwenda. Magoti yamekwisha. Madaktari wanayaita kwa majina yao, lakini mimi najua yaliisha wapi. Yaliisha kwenye sakafu za watu, miaka zaidi ya ishirini, kwa sababu nyakati zile deki ilipigwa kwa magoti na kitambaa. Halafu yaliisha kwenye sakafu yetu, kila siku saa kumi alfajiri, nyumba moja ya mabati ambayo kila mtu humsikia mwenzake akigeuka. Nilimsikia. Alituita kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Aliomba kuhusu marafiki zetu, kuhusu barabara tutakayovuka kwenda shule, kuhusu vijana fulani wa mtaani ambao sisi tuliwaona mashujaa na yeye aliona kitu kingine. Baadhi ya vijana hao hawakufika miaka 25. Sisi tulipita pale pale walipoanguka tukafika ng'ambo. Sikujua kwa nini. Leo najua kuna mtu alitangulia, ameinama, anasikiliza, anaweka alama mahali kifo kilipofichwa.

Alisema kweli siku ile. Yule askari alikuwa yeye.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake. Siku hizi hawezi kupanda matatu kuja ibadani mjini, na ngazi za jengo letu hazimfai. Hawezi kupiga magoti. Anaomba akiwa ameketi, na mara nyingine analala katikati ya sala. Tulipokuwa tukinywa chai akaniambia, "Mwanangu, mimi siku hizi ni mzigo tu. Mnanibeba. Sina tena kazi katika kanisa la Mungu."

Nilinyamaza kwanza. Halafu nikafungua Biblia, nikamsomea 1 Samweli 30. Nataka nikusimulie wewe pia, kwa maneno yangu. Baadaye ukaisome yote mwenyewe.

Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi na kuukuta mji umechomwa. Waamaleki wamechukua wake zao, wana wao na binti zao. Wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaisha. Kisha Daudi anajitia nguvu katika Bwana, anauliza kama awafuate, na Mungu anamwambia fuata. Wanaondoka wote 600. Wanapofika kijito cha Besori, 200 wanashindwa. Hawakuasi, hawakuogopa. Wamechoka mno, hawawezi kuvuka maji. Wanabaki hapo na mizigo. Wengine 400 wanaendelea.

Njiani wanamkuta kijana Mmisri amelala kondeni. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki, akaugua, na bwana wake akamwacha afe. Siku tatu hajala wala kunywa. Wanampa mkate, maji, tini na zabibu, na roho yake inamrudia. Huyo aliyetupwa ndiye anayewaonyesha njia mpaka kambi ya adui. Mtu ambaye adui aliona hana faida tena, Mungu alimhifadhi awe ramani.

Wanashinda. Wanarudisha kila kitu, mdogo kwa mkubwa, hakuna kilichopungua. Wanarudi na nyara hadi Besori, na Daudi anawaendea wale 200 na kuwasalimu. Lakini katika wale 400 kuna watu wabaya. Wanasema: hawa hawakwenda nasi, wapewe wake zao na watoto wao, waende zao. Nyara ni zetu.

Mpendwa, sauti hiyo bado ipo. Ipo maofisini, ipo kwenye familia wakati wa kugawa urithi, na tusidanganyane, ipo makanisani. Aliyeshika maikrofoni anajulikana. Aliyefagia ukumbi saa kumi na moja asubuhi hajulikani.

Daudi akakataa. Akasema vitu hivi ametupa Bwana, basi fungu la anayeshuka vitani na fungu la anayekaa na mizigo litakuwa sawasawa. Watagawana sawa. Na Biblia inasema akaifanya kuwa amri na hukumu katika Israeli tangu siku ile. Angalia vizuri: Daudi hakuwa anawahurumia watu wake waliochoka kwa siku moja. Alitunga sheria.

Nikamwambia mama, "Mama, ulivuka mito mingi ukiwa umebeba. Sasa umefika Besori. Kaa na mizigo. Fungu lako ni lile lile."

Hakujibu kwa maneno mengi. Alisema, "Basi nipe majina ya watu wa kuombea." Nikamwandikia majina kwa herufi kubwa, maana macho nayo hayaoni vizuri. Kama wewe ni wa ushirika wetu, kuna uwezekano mkubwa jina lako limo katika karatasi hiyo.

Sasa nasema nawe uliyefika Besori.

Nasema na baba aliyepoteza kazi, ambaye sadaka ikipita anaangalia chini. Nasema na dada aliyeacha kwaya kwa sababu ana mtoto mgonjwa nyumbani na hawezi kumwacha. Nasema na mlinzi anayesoma haya saa nane usiku kwenye geti la watu, Westlands au Kileleshwa, ambaye Jumapili yake huisha usingizini. Nasema na mama wa Kangemi anayefua nguo za wengine. Nasema na mzee wa kanisa aliyestaafu, anayeona vijana wameshika kila kitu na hakuna anayemuuliza neno. Umebaki na mizigo. Usikubali mtu akuambie kwamba umebaki nje ya jeshi.

Na nasema na wale 400, wenye nguvu bado. Paulo alimwambia Timotheo ashiriki taabu kama askari mwema wa Kristo (2 Timotheo 2:3). Neno hilo tunalipenda, tunalihubiri kwa sauti kubwa. Lakini askari mwema akirudi na ushindi, anapitia Besori kwanza. Anasalimu. Anagawa sawasawa. Fanya mambo matatu wiki hii. Mpigie simu mtu mmoja ambaye sala zake zilitangulia njia yako, umwambie umefika. Mtembelee mmoja ambaye hawezi tena kuja ibadani. Usiende mikono mitupu, na usiwe na haraka. Tatu, kama kuna mtu katika idara yako ya kanisa ambaye kazi yake haionekani, mtaje kwa jina mbele ya wenzake.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa ajili ya waliotutangulia wakiwa wameinama. Waliobeba na hawakuandikwa popote, wewe umewaandika. Watie nguvu waliochoka kijitoni leo. Waliotupwa na mabwana zao, warudishie roho. Waliofiwa vitani, wafute machozi. Utufundishe kugawana sawasawa, kwa sababu vyote tulivyo navyo umetupa wewe. Amina.

Kama Neno hili limekugusa, andika hapa chini jina la mtu aliyekubeba katika maombi. Tutayasoma majina hayo yote katika ibada ya saa ya chakula siku ya Jumatano, hapa mjini, na tutayaombea moja baada ya jingine.